Gregor Mendel: Mtawa aliyewaachia darasa wafugaji wa kuku chotara

Wafugaji wengi wa Maili Moja, Kibaha, wanaijua hasara hii. Mtu ananunua vifaranga chotara, wanakua haraka, wanakuwa na uzito mzuri na wateja wa Dar es Salaam wanawagombea. Kwa kuwa mafanikio yanaonekana, anaamua kuacha kununua vifaranga. Anabakiza majogoo na mitetea kutoka kundi lile lile, anatotolesha mayai yao na kuanza kuwauzia majirani vifaranga kwa jina la mbegu ile ile.

Baada ya miezi michache malalamiko yanaanza. Kuku mmoja ni mkubwa, mwenzake aliyetotolewa siku hiyo hiyo amedumaa. Mmoja anataga vizuri, mwingine anataga mayai machache na kuatamia. Rangi nazo zimechanganyika. Mnunuzi anadhani ametapeliwa, na muuzaji naye anadhani chakula kilikuwa kibovu. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana zaidi ya miaka 150 iliyopita katika bustani ya watawa huko Ulaya. Aliyelipata ni Gregor Mendel, ambaye wanafunzi wa sekondari humsoma katika somo la baiolojia na kumsahau baada ya mtihani. Kwa mfugaji, hata hivyo, maisha na kazi ya mtu huyu vina faida hadi leo, kwa sababu naye alizaliwa katika familia ya wakulima na swali alilolijibu lilikuwa la wafugaji kwanza.

Mtoto wa mkulima

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, kilichokuwa ndani ya dola ya Austria na ambacho leo kipo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa ni Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo mwenye shamba lake, lakini kwa sheria za wakati huo alilazimika kufanya kazi kwa siku tatu za kila wiki katika shamba la bwana mwenye ardhi bila malipo. Siku zilizobaki alihudumia shamba lake, miti yake ya matunda na mizinga yake ya nyuki.

Mtoto alijifunza kuunganisha vikonyo vya miti ya matunda kutoka kwa baba yake na kwa padri wa parokia, aliyekuwa akiwafundisha wanakijiji kilimo bora cha matunda. Walimu waliona ana akili, wakashauri apelekwe shule za mjini. Wazazi walikubali ingawa uwezo ulikuwa mdogo. Huko shuleni mara nyingi chakula chake hakikutosha, na ilibidi afundishe wenzake masomo ya ziada ili ajikimu.

Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo kifuani akiwa katika kazi ile ya lazima. Hakupona kabisa. Baadaye shamba lilikabidhiwa kwa mume wa dada mkubwa, Veronika, na ndoto ya kijana kuendelea na masomo ilikaribia kufa. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyetoa sehemu ya fungu lake la mahari ili kaka yake alipe ada. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye, alipopata uwezo, aliwasomesha watoto wa kiume wa dada huyo.

Mwaka 1843, akiwa na miaka 21, aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thoma ya shirika la Waagustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Utawa ulimwondolea wasiwasi wa chakula na karo, na ulimpa maktaba na bustani.

Swali la wafanyabiashara wa sufu

Brno haukuwa mji wa sala tu. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na viwanda hivyo vilihitaji sufu nzuri. Wafugaji wa kondoo wa eneo hilo walikuwa wakichanganya mbegu kwa miaka mingi ili kupata manyoya laini. Walifahamu kwa uzoefu kwamba mtoto hufanana na wazazi, lakini hawakuweza kueleza kwa nini dume bora wakati mwingine lilizaa watoto wa kawaida.

Mkuu wa monasteri, Abate Cyrill Napp, alikuwa karibu sana na wafugaji hao. Katika miaka ya 1830 alishiriki mijadala yao na kuwaelekeza kwenye swali la msingi: ni kitu gani hasa kinachorithiwa, na kinarithiwa kwa njia gani? Swali hilo lilikuwa la fedha. Mfugaji aliyenunua dume kwa bei kubwa alitaka kujua kama fedha yake ingerudi.

Napp ndiye aliyempokea Mendel, na ndiye aliyempeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia mwaka 1851 hadi 1853. Huko Mendel alisoma fizikia, hisabati na elimu ya mimea. Aliporudi alifundisha shule ya sekondari mjini Brno kwa miaka 14, ingawa alishindwa mara mbili mtihani wa kumpa cheti cha ualimu, mwaka 1850 na mwaka 1856. Aliyekuja kuitwa baba wa elimu ya urithi alifundisha miaka yote hiyo bila cheti kamili.

Njegere 28,000 na daftari

Mwaka 1856 alianza kazi iliyompa jina. Alichagua njegere kwa sababu za kiutendaji kabisa. Zinaota haraka, hazihitaji eneo kubwa, zina sifa zinazoonekana kwa macho, na ua la njegere hujichavusha lenyewe, hivyo si rahisi mbegu ngeni kuingia bila mwenyewe kujua.

Kabla ya kuchanganya chochote, alikusanya aina 34 za njegere na kuzipanda kwa miaka miwili ili kuhakikisha kwamba kila aina inazaa mfano wake. Alibaki na aina 22. Hatua hii ndiyo wafugaji wengi huiruka. Mendel hakuanza kuchanganya mpaka alipokuwa na uhakika na wazazi.

Kisha alichagua sifa saba, miongoni mwake umbo la punje, rangi ya punje na urefu wa mmea. Alikata sehemu za kiume za ua kabla hazijakomaa, akapaka chavua ya mmea aliouchagua mwenyewe, akafunika ua hilo ili wadudu wasimwingilie. Kila punje iliyopatikana ilihesabiwa na kuandikwa. Hadi mwaka 1863 alikuwa amepitia mimea ipatayo 28,000.

Alipochanganya njegere zenye punje za mviringo na zenye punje zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Mikunjo ilionekana kama imepotea kabisa. Alipokiacha kizazi hicho kizaliane chenyewe, mikunjo ilirudi. Kati ya punje 7,324 alizohesabu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Katika rangi, punje 6,022 zilikuwa za njano na 2,001 za kijani. Kila mara uwiano ulikuwa karibu tatu kwa moja.

Maana yake ni kwamba sifa hazichanganyiki kama maziwa na chai. Kila mzazi hutoa chembe moja ya urithi kwa kila sifa, na mtoto hubeba mbili. Chembe moja inaweza kuificha nyingine, lakini iliyofichwa haifi. Inasubiri, na kizazi kinachofuata inaweza kujitokeza tena. Leo chembe hizo huitwa vinasaba.

Mendel hakuishia hapo. Alichukua mimea 565 iliyotokana na punje za mviringo za kizazi cha pili, zote zikionekana sawa kwa macho, akaangalia zitazaa nini. Mimea 193 ilizaa punje za mviringo tupu. Mimea 372 ilizaa mchanganyiko. Kwa maneno mengine, kati ya kila mimea mitatu iliyoonekana safi, takriban miwili ilikuwa imebeba kitu kilichojificha.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno Februari 8 na Machi 8, mwaka 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Alipiga nakala 40 na kuzisambaza. Karibu hakuna aliyeelewa. Hata Charles Darwin, aliyekuwa akichunguza kuku na njiwa wa kufugwa katika miaka hiyo hiyo na kuhitimisha kwamba kuku wetu wametokana na kuku pori mwekundu wa Asia, hakuifahamu kazi hiyo.

Alikoshindwa

Maisha ya Mendel yana upande mwingine ambao vitabu vya shule huuacha. Alijaribu kurudia kazi yake kwa mmea wa porini uitwao hieracium. Ulimsumbua macho na ukampa majibu yasiyolingana na njegere. Baadaye sana ndipo ilipogundulika kwamba mmea huo unaweza kutoa mbegu bila kuchavushwa, hivyo kanuni zake zisingeweza kuonekana humo.

Alijaribu pia nyuki. Alijenga nyumba ya nyuki katika monasteri, akaleta aina kutoka nchi mbalimbali kwa nia ya kuzichanganya. Tatizo lilikuwa malkia. Malkia wa nyuki hupandwa akiwa angani, na Mendel hakuweza kudhibiti ni dume gani linampanda. Bila kumjua baba, hesabu zote zilikuwa kazi bure.

Mfugaji anayeachia kuku wake mtaani yuko katika hali hiyo hiyo. Anaweza kununua jogoo bora, lakini mitetea yake hupandwa pia na majogoo wa jirani. Vifaranga wakitoka wabaya humlaumu jogoo aliyemnunua, kumbe si baba yao.

Abate, benki na kodi

Machi 1868 Mendel alichaguliwa kuwa Abate kuchukua nafasi ya Napp aliyefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo muda wa bustani ulipungua. Alisimamia mashamba na mali za monasteri, alipima mvua na joto la Brno, na katika miaka yake ya mwisho aliongoza benki ya Moravia iliyotoa mikopo kwa dhamana ya ardhi.

Mwaka 1874 serikali ilitunga sheria ya kuzitoza monasteri mchango mkubwa kwa ajili ya mfuko wa dini. Mendel aliona sheria hiyo si ya haki na akakataa kulipa. Watawala walimbembeleza, wakakamata sehemu ya mapato ya monasteri, lakini hakubadili msimamo. Mgogoro huo ulimchosha na kumtenga na marafiki. Alifariki Januari 6, mwaka 1884, akiwa na miaka 61. Watu wa Brno walimzika kama kiongozi wa dini na rafiki wa maskini. Si wengi waliomkumbuka kwa njegere, na karatasi zake nyingi zilichomwa moto baada ya kifo chake.

Kuku wanamfufua

Mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, wataalamu watatu wa nchi tofauti, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, waliirudisha kazi yake mbele ya dunia. Swali likawa: je, kanuni za njegere zinafanya kazi kwa wanyama?

Mmoja wa watu wa kwanza kujibu alikuwa Mwingereza William Bateson, na alitumia kuku. Mwaka 1902 alionyesha kwamba umbo la upanga kichwani mwa kuku hurithiwa kwa kanuni ya Mendel. Upanga mpana wenye vinundu huuficha upanga mmoja uliosimama wenye meno, kama mviringo wa njegere unavyoificha mikunjo. Bateson ndiye pia aliyeipa elimu ya urithi jina linalotumika hadi leo.

Mwenzake, Reginald Punnett, aliipeleka elimu hiyo sokoni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilikuwa adimu, naye akapendekeza kutumia rangi ya manyoya kuwatenga vifaranga jike na dume siku wanapototolewa, ili chakula kisiliwe na majogoo yasiyohitajika. Wafugaji wa kuku wa mayai wa kahawia wanaifaidi kazi hiyo kila siku. Katika aina nyingi za kuku hao, kifaranga jike hutoka na rangi ya kahawia na dume hutoka mweupe au wa njano.

Kanuni za Mendel bandani

Kanuni hizo zinaonekana wazi kwa kuku wa kienyeji wa Tanzania. Mfano mzuri ni kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, ambaye hustahimili vizuri joto la Pwani kwa kuwa mwili wake hupoa kwa urahisi. Jogoo kishingo wa damu safi akipandishwa kwa mitetea ya kawaida, vifaranga wote watakuwa vishingo. Hao wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, kati ya vifaranga 40 takriban 30 watakuwa vishingo na 10 watakuwa na manyoya kamili. Kati ya wale 30, karibu 10 tu ndio wa damu safi. Wanaobeba chembe moja tu kwa kawaida hutambulika kwa fungu dogo la manyoya lililobaki mbele ya shingo.

Uzito na idadi ya mayai ni sifa ngumu zaidi, kwa sababu huongozwa na vinasaba vingi kwa pamoja, na pia chakula, magonjwa na matunzo. Lakini msingi ni ule ule. Kuku chotara kama Kuroiler na Sasso, ambao walifanyiwa majaribio nchini kabla ya kuenea kwa wafugaji, hutokana na wazazi waliochaguliwa na kutunzwa kwa vizazi vingi, kila upande na sifa zake. Mtoto wa kwanza hupata nguvu ya pande zote mbili. Chotara akizaa na chotara, kadi zinachanganywa upya na sehemu ya nguvu ile hupotea. Hapo ndipo vifaranga wa tumbo moja wanapotofautiana kama watu wa kabila mbalimbali.

Hii haina maana kwamba mfugaji mdogo asichanganye mbegu. Jogoo wa kuchi, mwenye umbo kubwa, akipandishwa kwa mitetea ya kienyeji iliyozoea kujitafutia, hutoa chotara wazuri wa nyama. Jambo la msingi ni kufanya kwa mpangilio aliouonyesha Mendel.

Kwanza, mfugaji awajue wazazi kabla ya kuchanganya. Jogoo anayetarajiwa kuwa wa mbegu aangaliwe kwa watoto wake, si kwa umbo lake tu. Jogoo mwenye upanga wa vinundu, kwa mfano, akipandishwa kwa mitetea yenye upanga wa meno, kifaranga hata mmoja akitoka na upanga wa meno inajulikana kwamba jogoo huyo si wa damu safi.

Pili, adhibiti uzazi. Mitetea ya mbegu itengwe ndani ya uzio pamoja na jogoo wao, jogoo mmoja kwa mitetea isiyozidi 10 hivi. Ikumbukwe kwamba mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi. Jogoo akibadilishwa, mayai ya wiki tatu za mwanzo yauzwe kwa kula, yasiwekwe kwenye mashine ya kutotolea wala chini ya mtetea anayeatamia.

Tatu, chotara wa kizazi cha kwanza wauzwe kwa nyama au mayai, na wazazi wa asili watunzwe kando ili kutoa chotara wengine. Anayetegemea chotara wa kampuni anunue vifaranga wapya kila awamu, na gharama hiyo aiingize katika hesabu zake tangu mwanzo.

Nne, jogoo asizae na watoto wake. Sifa mbaya zilizojificha hukutana haraka ndani ya ukoo mmoja, na matokeo yake ni mayai yasiyototoleka na vifaranga dhaifu. Kubadilishana majogoo na mfugaji wa mtaa mwingine ni njia rahisi, mradi kuku mgeni atengwe kwanza kwa wiki mbili au tatu. Mbegu bora haizuii mdondo. Chanjo yake ya matone, ambayo hutengenezwa hapa hapa Kibaha katika taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, itolewe kila baada ya miezi mitatu.

Tano, na hili halina gharama, kila kitu kiandikwe. Uzi wa rangi mguuni na daftari la shule vinatosha: jogoo gani, mitetea gani, mayai mangapi, vifaranga wangapi, uzito gani wakiwa na wiki 12. Mendel hakuwa na maabara wala fedha nyingi. Alikuwa na kipande cha bustani, uvumilivu wa miaka minane na tabia ya kuhesabu hata yale yaliyomkatisha tamaa.

Kwa mfanyabiashara wa vifaranga, uaminifu nao ni mtaji. Kifaranga wa kizazi cha pili auzwe kwa jina lake na kwa bei yake, wala asiuzwe kama chotara halisi. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, na aliyedanganywa huwaeleza wenzake sokoni kabla kuku wake hawajaanza hata kutaga.